Pembe butu ni kubwa, mbona inaitwa butu?

*"Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye jaribio la hisabati alichora vizuri kabisa pembe ya nyuzi 120, kisha chini yake akaandika 'pembe kali'. Mwalimu akaweka kosa. Nilipomuuliza, akanijibu: 'Mama, hii ndiyo kubwa, kwa hiyo ndiyo kali.' Sikuwa na la kumwambia. Kwa kuwa sekondari atasoma kwa Kiingereza, niliona nimtafutie mapema maneno yao, acute na obtuse, nikazidi kuchanganyikiwa. Kamusi inasema obtuse ni pembe, halafu inasema ni mtu mzito wa kuelewa. Acute nayo ni pembe, na pia ni 'kali sana'. Wiki hiyohiyo mama yangu mzazi akarudi kutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa acute bronchitis. Usiku ule sikulala, nikijua ni ugonjwa wa kifua uliofika pabaya. Maneno haya yametoka wapi, na nimsaidieje mtoto asiyachanganye?"*

Pole kwa usiku huo, mama. Nianze na karatasi ya bibi, maana ndiyo iliyokunyima usingizi. Neno acute kwenye karatasi ya hospitali halipimi ukubwa wa ugonjwa. Linataja muda: ugonjwa umeanza karibuni, umekuja kwa haraka, na kwa kawaida hautarajiwi kukaa miezi na miezi. Mafua ya siku tano, kwa lugha ya daktari, ni ugonjwa acute. Kisukari cha miaka ishirini siyo. Nitarudi kwa bibi baadaye, ila nilitaka uendelee kusoma moyo ukiwa umetulia.

Sasa tuje kwa kijana. Kosa lake nimelikuta darasani mara nyingi kiasi kwamba siliiti tena uzembe. Alifikiri, tena alifikiri kwa Kiswahili chake chote alichonacho. Anajua jua kali, njaa kali, homa kali, mbwa mkali. Katika maneno hayo yote, kilicho kikali ni kile kilichozidi. Akaona pembe mbili, moja nyembamba na moja iliyopanuka, akasema iliyozidi ndiyo kali. Hoja yake haina ufa. Ila "kali" aliyoishika siyo "kali" ya pembe, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya neno hilo moja zimekaa maana kadhaa.

Njia ya kuzitenganisha ni kuuliza kinyume cha neno. Mketishe, mfanye kama mchezo. Mbwa mkali, kinyume chake? Atasema mpole. Dawa kali? Hafifu. Sauti kali? Nzito. Kisu kikali? Hapo atasema butu, na hapohapo umefika. Kama kinyume cha pembe kali ni pembe butu, basi "kali" ya pembe ni ile ya kisu. Haihusiani na jua wala mbwa wala njaa. Mwenzake anayeitwa butu ndiye anayemtambulisha.

Mchezo huu ni wa kale sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliutumia kuonyesha jinsi neno moja linavyobeba maana nyingi, na mmoja wa mifano yake ulikuwa neno hilihili. Kwa Kigiriki "kali" ni *oxys*. Alisema kinyume cha *oxys* katika sauti ni *barys*, yaani nzito, lakini katika kitu chenye ncha au makali kinyume chake ni *amblys*, yaani butu. Tazama jinsi Kiswahili kinavyokaa juu ya maneno yake bila kusukumwa: sauti kali na nzito, kisu kikali na butu. Sijui lugha nyingi ambazo mtoto wa darasa la sita angeweza kurudia mfano wa Aristotle kwa maneno ya jikoni kwao.

Lakini mtoto mwerevu atakuuliza swali la pili: kwa nini pembe ndogo ndiyo iwe na makali? Hilo usilipite haraka, kwa sababu hapo ndipo jina linageuka kuwa picha.

Chukua kisu, ukitazame kwa mbele, upande wa ncha, kama vile kinakujia. Utaona nyuso mbili za bapa zikishuka na kukutana kwenye makali. Pale zinapokutana pana pembe. Kisu cha jikoni hunolewa takribani nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kwa hiyo pembe nzima ya makali ni kama nyuzi 30 hadi 40. Wembe ni mwembamba zaidi ya hapo. Shoka huachwa nene kuliko kisu, na tindo ya kukatia chuma huwa karibu nyuzi 60, maana ingenolewa kama kisu makali yangevunjika kwa pigo la kwanza la nyundo.

Kukata ni kuingia katikati ya kitu na kukisukuma huku na huku, kama kabari inavyopasua gogo. Tuseme kabari ina pembe ya nyuzi 30. Ikiingia sentimita 1 ndani ya kuni, inahitaji nafasi ya upana wa kama nusu sentimita tu. Ikiwa pembe ni nyuzi 90, kwa kina kilekile inahitaji sentimita 2. Na ikiwa nyuzi 120, ile aliyoichora mwanao, inahitaji karibu sentimita 3 na nusu. Fikiria nguvu ya kupanua kuni kiasi hicho kwa kuingia sentimita moja. Haiingii. Ukiipiga, itaponda. Ndiyo maana pembe kubwa ni butu: ni umbo la kitu kisichokata. Mpe kijana kipande cha sabuni ya mche na vijiti viwili ulivyochonga ncha, kimoja chembamba na kingine kipana, avichomeke mwenyewe. Mkono wake utaelewa kabla ya kichwa.

Sasa asili ya maneno uliyoulizia, ambayo yote mawili ni ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Acute imetoka kwenye *acutus*, na *acutus* imetoka kwenye kitenzi *acuere*, kunoa. Kwa hiyo tafsiri yake ya moja kwa moja ni "iliyonolewa". Angulus acutus ya Warumi ni pembe iliyonolewa. Ukoo wa neno hili ni mkubwa na wote una kitu kinachochoma: *acus* ni sindano, *acies* ni makali ya upanga, *acidus* ni chachu inayowasha ulimi, *acetum* ni siki. Kutoka *acidus* tumepata neno asidi lililomo katika vitabu vyetu vya sayansi. Kigiriki nacho kimetuachia *oxys* ndani ya oksijeni. Mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier aliitunga miaka ya 1770 akiamini kwamba hewa hiyo ndiyo inayozaa kila asidi. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kuwa kuna asidi isiyo na oksijeni kabisa, lakini jina lilikwisha kushika. Mwanao akifika sekondari atakutana na asidi, oksijeni na acute katika masomo tofauti, na hakuna atakayemwambia kuwa yote matatu yanasema "kali". Mwambie wewe.

Obtuse ina hadithi ya upande wa pili. Kilatini *obtusus* kimetoka kwenye *obtundere*, na ndani yake kuna *tundere*, kupiga au kugonga. *Obtusus* ni kitu kilichogongwagongwa mpaka makali yakaisha, kama panga lililokuwa likipiga mawe msimu mzima. Moja imenolewa, nyingine imegongwa. Napenda sana jozi hii kwa sababu kila neno limebeba kazi ya mkono wa mtu.

Na hiyo maana ya "mzito wa kuelewa" iliyokushtua? Haikutoka kwenye pembe. Imetoka palepale kwenye kisu, kwa njia nyingine. Warumi walisema akili inanolewa na akili inafifia makali, sawasawa na sisi tunavyosema noa bongo. Hapohapo kwenye *acuere* ndipo lilipotoka *acumen*, ukali wa akili. Kwa hiyo pembe na mtu asiyeelewa haraka ni watoto wawili wa kisu kimoja, hawakuzaana wenyewe kwa wenyewe. Kwa Kiingereza, kumwita mtu obtuse ni kumtukana. Kuiita pembe obtuse ni kuieleza tu. Kijana alijue hilo kabla hajafika bwenini na kulisikia likitumika vibaya. Na nakuomba, pale nyumbani asiwepo wa kumtania kuwa ana akili butu kwa sababu ya pembe hii. Mtoto aliyesema "hii ndiyo kubwa kwa hiyo ndiyo kali" anafikiri vizuri.

Warumi hawakubuni mgawanyo huu. Waliupokea kwa Wagiriki. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliandika mwanzoni mwa kitabu chake cha jiometri kwamba pembe iliyo kubwa kuliko pembe mraba ni *amblys*, butu, na iliyo ndogo kuliko pembe mraba ni *oxys*, kali. Tazama kwamba katika maelezo hayo hakutaja nyuzi hata moja. Hakuhitaji. Alikuwa na kipimo kimoja tu, ile pembe ya kusimama wima kama ukuta juu ya sakafu, na kila nyingine ameiweka upande huu au ule wa hiyo. Ukubwa wa pembe ndio unaoamua, na jina likafuata umbo.

Waarabu, ambao nao walikihifadhi na kukisoma kitabu hicho kwa karne nyingi, walifanya jambo moja la peke yao. Pembe kali waliiita *hadda*, yenye makali, sawa na Wagiriki. Lakini pembe butu hawakuiita butu. Waliiita *munfarija*, iliyofunguka, iliyoachana. Neno hilo linatoka kwenye shina lilelile lililotupa faraja na kufariji: aliyekuwa amebanwa amefunguliwa. Kila ninapochora pembe ya nyuzi 120 ubaoni namkumbuka mtu aliyepata faraja na kunyoosha mikono. Kama mwanao haoni kisu, huenda ataona hili. Pembe kali imebana. Pembe butu imefarijika.

Kiingereza nacho kilipita njia ambayo nadhani itakupa moyo. Mwaka 1551 Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati kutoka Wales, yuleyule aliyetuletea alama ya sawasawa (=) mwaka 1557, alichapisha kitabu cha jiometri kwa Kiingereza cha watu wa kawaida. Hakutumia acute na obtuse. Alitumia sharp na blunt, maneno ambayo mama wa Kiingereza angeyatumia kwa kisu chake. Pembe ya nyuzi 90 aliiita square, mraba. Kwa maneno mengine, alisema pembe kali, pembe butu na pembe mraba, kama kitabu cha darasa la sita cha mwanao! Lakini mwaka 1570 Henry Billingsley alipochapisha Euclid kwa Kiingereza, alichukua maneno ya Kilatini, na hayo ndiyo yaliyoshinda shuleni mpaka leo.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa London leo anasikia obtuse na haoni kisu. Kwake ni sauti tu ya kukariri. Anasikia right angle, kutoka *rectus* ya Kilatini, iliyonyooka, lakini kwa masikio yake right ni mkono wa kulia, na wapo watoto wanaoulizana kama kuna pembe ya kushoto. Sisi tuna mraba, neno la Kiarabu lenye nne ndani yake, jamaa wa robo, na pembe mraba ni pembe ya mraba, basi. Wazazi wengi huniuliza maswali kama lako wakiwa na wasiwasi kwamba Kiswahili kimemchelewesha mtoto. Katika jambo hili Kiswahili kimemtangulizia. Kina picha ambayo Kiingereza kiliwahi kuwa nayo na kikaiacha.

Nimeahidi kurudi kwa bibi. Madaktari wa kale wa Kigiriki, wale wa jadi ya Hippocrates, waliyaita magonjwa ya ghafla *oxys* kwa sababu yanaingia kama ncha: haraka, yanapanda, yanafika kilele, kisha mgonjwa ama anapona ama anakufa. Katika maandishi yao kuna kauli kwamba ugonjwa wa namna hiyo hufikia uamuzi wake ndani ya siku 14. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma katika karne ya 1, aliwaeleza Warumi mgawanyo huohuo kwa neno *acutus*, na upande wa pili akaweka magonjwa marefu. Wagiriki waliyaita hayo marefu kwa jina linalotokana na *khronos*, muda, ndiyo chronic ya leo.

Fanya tena ule mchezo wa kinyume. Kinyume cha acute hospitalini ni chronic, na chronic kwa Kiswahili tunaiita ugonjwa sugu. Sugu kwa asili ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kusuguliwa na mpini wa jembe siku baada ya siku. Ni neno zuri sana kwa ugonjwa uliokaa mpaka ukawa sehemu ya mwili. Kwa hiyo jozi ni ncha na sugu, kinachochoma mara moja na kinachosugua miaka. Kali na nafuu hazimo humo kabisa. Shida inatokea tunapotafsiri acute kuwa "mkali", kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili akisikia ugonjwa mkali anafikiria kitanda na dripu. Mimi ningependa tuseme ugonjwa wa ghafla, au ulioanza karibuni, na "mkali" tuiachie pale daktari anapozungumzia hali ya mgonjwa kuwa mbaya. Maneno mawili, mambo mawili. Ugonjwa wa ghafla unaweza kuwa mwepesi, na unaweza pia kuua kwa saa chache. Ugonjwa sugu vivyo hivyo una siku nyepesi na siku nzito.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hunigusa kila nikilifikiria. Warumi walisema *febris acuta*, nasi tunasema homa kali, neno kwa neno. Wafaransa wa kale wakalifupisha, wakabaki na neno la pili tu, likavuka bahari likawa ague kwa Kiingereza, jina la homa ya vipindi yenye kutetemesha iliyowapata watu wa mabwawa ya Kent na Essex kwa karne nyingi. Sehemu kubwa ya homa hiyo ilikuwa malaria. Uingereza ilikuwa na malaria yake, na waliiita kwa neno lilelile linaloita pembe ya nyuzi 40.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na lugha, siyo daktari, kwa hiyo kuhusu bibi nasema yale tu yanayojulikana na kila kliniki. Bronkaitisi ya ghafla mara nyingi huletwa na virusi, na kikohozi chake kinaweza kuchukua hata wiki tatu kwisha. Hata hivyo bibi ni mtu mzima, na umri unataka tahadhari. Akipumua kwa shida, akikohoa damu, homa ikikataa kushuka, kifua kikimbana au akianza kuchanganyikiwa, msingoje kesho. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende akapimwe kifua kikuu hata kama anajisikia nafuu. Na siku mkirudi kliniki, muulize daktari kwa Kiswahili: "Huu ni wa ghafla au wa muda mrefu, na hali yake ni nyepesi au nzito?" Ni maswali mawili tofauti na una haki ya majibu mawili.

Kuhusu kijana, una njia kadhaa na kila moja ina bei yake. Unaweza kumkaririsha: acute ni kali, obtuse ni butu. Itafanya kazi kwa mtihani wa wiki ijayo. Lakini kama "kali" kichwani mwake bado ni ya jua, utakuwa umetafsiri kosa kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mtandaoni utakutana pia na mbinu ya Waingereza: wanawaambia watoto wao kwamba pembe ndogo ni "a cute angle", pembe ya kupendeza. Kwa kweli cute ilizaliwa kutokana na acute kwa kukatwa herufi ya mbele, ikimaanisha mjanja kwanza, kupendeza baadaye, kwa hiyo mzaha wao una ukweli ndani. Ila mtoto wako lazima ajue kwanza neno cute ndipo limsaidie, na kama halijui unampa mzigo wa pili abebe wa kwanza.

Mimi ningeanza na kisu, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza mwishoni, kwa mpangilio huo. Wiki moja ya kutafuta pembe nyumbani inatosha: mkasi ukiwa wazi kidogo, mkasi ukiwa wazi sana, mlango, paa la bati, mikono ya saa. Kwa kila moja aseme kali, butu au mraba kabla hajapima. Akishasema bila kusita, mpe acute na obtuse kama majina mapya ya watu anaowafahamu.

Picha ya kisu nayo ina mipaka, nawe uijue. Haisemi lolote kuhusu pembe nyoofu ya nyuzi 180, wala zile zinazozunguka kuipita. Hizo atajifunza kwa nyuzi zake. Pia inaweza kumfanya aangalie urefu wa mistari, adhani kisu kirefu kina pembe kubwa. Mchoree pembe ya nyuzi 50 yenye mistari mirefu na ya nyuzi 130 yenye mistari mifupi, aone kwamba kinachopimwa ni uwazi kati yao tu.

Usidhani kwamba majina haya ni ya kujibia mtihani pekee. Kipimapembe kina mistari miwili ya namba, mmoja unaanzia kulia na mwingine kushoto. Mahali palepale pana 60 na 120. Mtoto anayesoma namba kwa pupa ataandika 60 kwa pembe iliyopanuka kabisa. Aliyezoea kusema kwanza "hii ni butu" hataandika 60, kwa sababu anajua butu imepita 90. Nimeona daraja la mwanafunzi likipanda kwa tabia hiyo moja. Baadaye itamsaidia kwenye pembetatu pia: pembe zote tatu zinafanya nyuzi 180, kwa hiyo butu haiwezi kuwa zaidi ya moja, na akipata mbili ajue amekosea mahali.

Ukishafanya hayo kwa wiki mbili tatu na bado anachanganya, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake ana kwa ana, ukiwa na daftari. Muulize kama tatizo ni la pembe peke yake au ni la maumbo yote na kusoma michoro. Na kama umeona anasogeza daftari karibu sana na uso, anafumba jicho moja anaposoma, au anakosa mistari anapochora, mpeleke kliniki ya macho kabla ya kumtafutia masomo ya ziada. Kuna hali ambayo jicho moja halijifunzi kuona vizuri na ubongo unalipuuza. Madaktari wanaiita ambliopia, na ndani ya jina hilo kuna *amblys* ileile ya Euclid, butu. Inatibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema, kwa hiyo usingoje.

Lile jaribio lenye kosa usilitupe. Mwombe achore kisu kidogo pembeni ya ile pembe ya nyuzi 120, makali yake yakiwa na uwazi huohuo, halafu ajaribu kukueleza kwa maneno yake kwa nini kisu hicho kisingekata hata nyanya.